Bosi Aliyeitwa Kipara

Siku ya kwanza nilifika Eden Prairie, mji wa Minnesota, mapema mno, nikazunguka na gari kwenye maegesho hadi mlinzi akaanza kunitazama. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni yenye viwanda kadhaa kuwafundisha Kihispania cha mtaani wasimamizi waliojua Kiingereza tu. Mkurugenzi wa Mafunzo, mama mwenye haraka kunizidi, alinipokea akiwa amesimama.

"Sitaki sarufi," aliniambia. "Wasimamizi wangu wanasikia watu wakicheka siku nzima, hawajui wanachekea nini. Wafumbulie."

Kihispania nilikipata Kuba, nilikosomea kilimo kabla ya kuja Minnesota. Lakini wafanyakazi wengi wa hapa walitoka Meksiko, na lugha ya mtaani hubadilika ukivuka mpaka. Kwa hiyo mchana nilikaa kwenye vyumba vya kulia vya viwandani, nikisikiliza, jioni nikafundisha. Chamba ni kazi, kama sisi tunavyosema kibarua. Qué onda ni mambo vipi. Órale ni haya, twende, au sawa, kutegemea sauti. No manches ni acha mambo yako bwana. Güey ni mshikaji, na hapo niliweka onyo: lisikie, lielewe, usilitumie kwa mtu aliye chini yako kazini.

Leo kiwanda cha mji wa Crystal, kesho cha Blaine. Nilikula nikiwa nyuma ya usukani, na hata nikikaa kanisani mguu wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki.

Blaine kulikuwa na kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Msimamizi wa Zamu, jamaa mrefu mwenye kipara, alikuwa mwanafunzi wangu hodari asiye na subira. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni, uso umemshuka.

"Mwalimu, Doña Chela anaacha kazi. Nilimtania tu!"

Doña ni neno la heshima, kama tunavyosema Bi. Doña Chela ndiye aliyeongoza meza ya kukunja, na mwanawe alikuwa akisoma chuo kwa mshahara ule. Shuka lilipomchanikia mikononi, Msimamizi alipaza sauti mbele ya meza nzima: "No manches, güey!" Doña Chela akaliacha shuka, akaondoka. Nilimkuta mama huyo kwenye makabati ya wafanyakazi, akifunga zipu ya koti.

"Mama, amekosea, lakini hana nia mbaya," nilimwambia kwa Kihispania.

"Najua. Kaka zangu wananiita hivyo kila siku, nami nawarudishia maradufu. Huyu nikimrudishia, ananifukuza. Sasa huo ni utani gani?"

Nilielewa mara moja. Mimi ni Mnyamwezi. Mzaramo, mtani wangu, hunitukana hata msibani, nami humtukana, ndiyo maana hakuna anayeumia. Nikarudi kwa Msimamizi.

"Nifundishe neno la kuomba radhi," alisema.

"Neno halitoshi. Nenda mbele ya meza ile ile, umpe ruhusa akuite jina lolote."

"Lolote?"

"Lolote. Na usilipize."

Nilimwomba Doña Chela arudi mezani kwanza, naye akaja na koti lake mwilini. Msimamizi alikwenda, akasema, nikatafsiri. Doña Chela alimwangalia kuanzia viatu hadi utosini, macho yakatua pale pale utosini.

"Pelón," alisema. Kipara.

Hakuna aliyecheka. Mikono ilisimama juu ya mashuka. Shingo ya Msimamizi ikawa nyekundu, wekundu ukapanda hadi kwenye kipara chenyewe.

"Presente," akajibu, kama mtoto aliyeitwa jina darasani. Nipo.

Meza ikaangua kicheko. Doña Chela hakucheka. Alifungua zipu, akatundika koti, akavuta shuka lililofuata.

"Órale, Pelón. Shika upande huo, tukunje."

Nimestaafu, lakini bado siwezi kupita karibu na watu wanaozungumza bila kupunguza mwendo ili nisikilize. Vijana wanaotaka kazi hii huniuliza waanze kuwafundisha wakubwa maneno gani. Nami huwauliza: huyo mkubwa amewahi kuitwa nini na walio chini yake kazini, akaitika? Wengi hawajui. Basi nawaambia waende kwanza wakaulize.