Jiwe Alilowekewa Mkaguzi

Mtaani walimwita Bi Vipimo, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alipima mvua, upepo na joto katika kituo kidogo cha hali ya hewa, akapeleka tarakimu makao makuu, na makao makuu hayakujibu kitu. Walijibu mara moja tu, alipoandika kwamba mvua ya mawe ilidondosha jiwe la upana wa sentimita sita. Mkaguzi alimwandikia kwamba hilo haliwezekani, na akirudia kutia chumvi kazi atapewa mwingine.

Ndiyo maana mawe yalipoanguka tena alasiri moja, Bi Vipimo alitoka mbio, sufuria kichwani, akaokota kubwa kuliko yote. Kituo hakikuwa na friji. Akalipeleka nyumbani, akalifungia kwenye bakuli ndani ya friza, na dogo moja akalikata kwa msumeno.

Mama mkwe wake alichungulia. "Barafu nayo ina ndani, mwanangu?"

"Inayo, mama. Ona matabaka. Ndani ya wingu la radi kuna upepo unaopanda kwa nguvu, unalishikilia jiwe huko juu. Matone ya maji baridi kupindukia, ila hayajaganda bado, yanaligonga na kuligandia. Yakiganda polepole, tabaka linang'aa. Yakiganda ghafla yanafungia hewa, linakuwa jeupe. Jiwe likizidi uzito, upepo unasalimu amri, linaanguka."

"Safari yote hiyo kuja kutoboa bati langu!"

"Lile kubwa nimemwekea mkaguzi, mama; nimemwita aje alione mwenyewe. Asiliguse mtu."

Mkaguzi alifika nyumbani siku ya nne, jua la mchana likiwaka, Bi Vipimo akiwa bado kituoni. Aliporudi akihema, alimkuta mgeni amelegeza tai, glasi ya juisi mkononi, anatafuna barafu kwa raha zake. Bakuli lilikuwa limeoshwa na kuanikwa.

"Mama, jiwe liko wapi?"

"Si ulisema ni la mkaguzi? Hata wajukuu nimewanyima. Lakini lilinitoa jasho! Halikuingia kwenye glasi, nikalivunja kwa mchi."

Bi Vipimo akaipokonya glasi mkononi mwa mgeni, akatoa rula mfukoni, akapima mdomo wa glasi.

"Sentimita sita na nusu," alisema. "Na halikuingia. Andika."

Mkaguzi, mdomo ukiwa bado umejaa ushahidi, aliandika.