Mtu wa Kumtukana Nyanya

Sisi tuliokulia Machakos mjini miaka ile ya tisini hatuwezi kusahau siku shule zilipofungwa. Unakabidhiwa ripoti yako, kengele inagongwa kwenye lile rimu kuukuu la gari, na kufikia saa nane mchana mtaa mzima ni kimya. Watoto wote wamekwenda ushago, mashambani kwao. Kamene, rafiki yangu wa dawati moja, alipelekwa Kangundo kwa susu, yaani nyanya yake. Wengine walikwenda Kithyoko, wengine Mwala, kila mtu na kwao. Mimi nilibaki na Nyanya, mama mzaa mama, aliyenilea.

Mnakumbuka mchezo wa blada? Ile kamba tuliyoifunga kwa vipande vya tyubu za baiskeli? Ni mchezo wa watu watatu: wawili wanashika kwa miguu, mmoja anaruka. Likizo nilikuwa nafunga upande mmoja kwenye nguzo ya jikoni, upande wa pili kwenye mguu wa kiti cha Nyanya, halafu naruka peke yangu. Nikikosea najitoa, najiita tena, naendelea. Nyanya alikuwa akiniangalia huku akichambua maharagwe ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nadhani moyo wake ulikuwa ukimuuma, maana mara nyingine aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasimama ndani ya ile blada kama mti, ili mradi tu kamba ipate mguu wa mtu.

Shule zilipofunguliwa, wenzangu walirudi na magoti yenye makovu na mifuko ya maembe, na hadithi zisizokwisha za mbuzi aliyezaa mapacha na mto uliofurika. Kisha walinigeukia. "Na wewe, kwenu ni wapi?" Nikisema ni hapa hapa, wanacheka. "Hapa ni taoni. Kwenu kwenyewe?"

Na mwalimu wa Kiswahili naye, sijui tulimkosea nini, kila Januari alitupa insha ile ile: likizo nyumbani kwetu. Mwaka mmoja nikaona isiwe taabu, nikajitungia shamba Kangundo. Nikaweka kahawa, nikaweka ng'ombe mweupe, nikaamka alfajiri kumkamua. Mwalimu akapendezwa, akaniambia niisome mbele ya darasa. Nilipofika mahali ng'ombe anakamuliwa mara ya pili saa sita za mchana jua likiwa utosini, Kamene akapaza sauti kutoka nyuma: "Hiyo ng'ombe iko Kangundo gani?" Darasa likavunjika mbavu. Nilirudi kukaa na macho yamejaa maji.

Siku hiyo ndiyo niliyomkabili Nyanya. Nikamuuliza kwetu ni wapi. Alikuwa akikaanga bajia, akaendelea kugeuza.

"Mama yangu alikuwa Mkamba wa hapa hapa, alisilimu alipoolewa, na ndugu zake wakamkata," alisema. "Baba yangu alikuja na vita vya Mjerumani. Alibeba mizigo ya Waingereza toka huko Tanganyika, vita vilipokwisha akabaki. Alikuwa Mnyamwezi. Zaidi ya hapo hakuniambia."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza mpaka akanichapa. Aliogopa nikiijua njia nitaondoka kama alivyoondoka yeye."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa masalio ya babu yetu mkuu: neno Mnyamwezi, na viazi. Maana Nyanya alikuwa na kazi yake ya ajabu. Viazi vitamu vikiwa rahisi sokoni, alivikata vipande vyembamba, akavianika juu ya bati mpaka vikawa vikavu kama maganda ya mti, akaviweka kwenye debe. Aliviita michembe. Majirani wakipita walimcheka: "Mama, hiyo viazi imekukosea nini?" Hakuna mtu Machakos nzima aliyelijua neno hilo. Lilikuwa la nyumba yetu tu, na baba yake ndiye aliyelileta. Niliila michembe hiyo ikipikwa na karanga, na kusema kweli sikuipenda. Leo ningelipa chochote niipate.

Sasa, alikuwapo mtu mmoja. Kila Idi, baada ya swala, alitufikia mzee mrefu, mkavu, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa rangi ya chai. Jina lake Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo, kwao karibu na Dar es Salaam, aliyekuja ujanani enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Yatta, na mkonge ulipokufa akabaki Kithimani, bila mke, bila mtoto. Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa mdogo sana, na nilijificha. Kwa sababu huyu mzee hakubisha hodi. Alisimama uani akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Mnyamwezi! Mtumwa wangu! Umeamka au bado umelala na uchafu wako?"

Nikangoja Nyanya ammwagie maji moto. Nyanya yangu, ambaye hata sheikh wa msikiti alimwita mama! Badala yake alitoka jikoni anacheka mpaka anajishika mbavu. "Karibu, Mzaramo. Umesikia harufu ya pilau toka Kithimani? Huna unachojua wewe ila kula muhogo na kucheza ngoma."

Ilikuwa hivyo siku nzima. Pilau ikiletwa, Mzee Pazi anavuta sinia lote upande wake. Akivua viatu, Nyanya anavificha juu ya kabati. Na matusi ya mzee! "Baba yako alibeba sufuria za Mzungu kichwani mpaka nywele zikakataa kuota." "Baba yako alimwambia mama yake anakwenda Urambo kununua chumvi. Bi kizee wa watu ameinjika mboga, anangoja chumvi mpaka leo!" "Alipoona risasi akajificha kwa Wakamba, akaoa kwa mbuzi mmoja kiwete."

Nyanya akaniambia huo ni utani. Kwamba kule kwa akina babu, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, wanaweza kutukanana na kunyang'anyana na hakuna wa kukasirika, na kwamba mtani ana kazi yake kubwa siku ya msiba. Anazuia jeneza. Anadai alipwe, hata kama ni shilingi moja tu, na akishalipwa ndipo anamsema marehemu: ni mtoto wa nani, katoka mlango gani, kijiji gani. Wafiwa wanalia wanacheka. Baba yake Nyanya alipofariki, Pazi ndiye aliyemsema, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye marehemu alimwamini kwa siri za kwao. Lakini alimsema makaburini, na kuzika wanawake hatuendi. Nyanya alibaki ndani. Wanaume waliosikia walikuwa wageni, hawakuyatia maanani, na wote wameshakufa.

"Mwambie basi akwambie sasa," nilisema.

Mzee Pazi alinisikia. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Hayo ni maneno ya kuzikia, mwanangu. Hayasemwi tukiwa tunakula pilau, nitakuwa nimeyaita mauti. Lakini nimemwahidi huyu mtumwa wangu. Safari hii nitayasemea mlangoni, kabla jeneza halijatoka, wanawake wote wasikie."

"Usipotangulia wewe kufa, mwizi wa kuku," akajibu Nyanya.

Alipoondoka jioni, yeye ana kiatu kimoja na Nyanya anacheka, nyumba ilirudi kuwa kubwa. Nyanya alikaa pale kizingitini. Kisha akaniambia, "Siku yangu ikifika, wewe kaa karibu na mlango. Usilie sana. Sikiliza."

Nilikuwa kidato cha pili siku hiyo ilipofika. Likizo tena, mtaa mtupu tena. Nyanya aliugua juma moja tu akatutoka alfajiri ya Ijumaa. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, alifika toka Mlolongo, alikokuwa akifanya kazi kiwandani. Alikuwa mtu mzuri mjomba, mtu wa kazi, lakini aliondoka nyumbani mapema na Idi zake alikula hukohuko. Hakumjua Mzee Pazi hata kwa sura.

Nilikaa karibu na mlango kama nilivyoagizwa. Jeneza likainuliwa, wanaume wakaanza kutoka. Na hapo kizingitini nikaona kanzu ya rangi ya chai. Mzee alikuwa amelala chini, kaziba njia yote kwa urefu wake.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Huyu ni mtumwa wangu, mnampeleka wapi? Nilipeni kwanza!"

Mjomba aliduwaa. Akauliza, "Ni nani huyu mlevi?" Vijana wawili aliokuja nao wakamshika mzee mikono na miguu. Na Mzee Pazi akacheka! Alidhani wamejua, alidhani wanamjibu utani. "Ehe, ninyang'anyeni, watoto wa mbeba sufuria! Shilingi moja tu, nimwage yote!" Walimtupa nje ya ua. Nikamwona anainuka, anajipangusa vumbi, anawatazama nyuso zao moja moja. Kile kicheko kikamwisha.

Nilipiga kelele. Nilisema mlipeni, mlipeni, ni mtani! Kina mama wakanikumbatia wakaninyamazisha, wakasema mtoto uchungu umemzidi. Jeneza likapita. Mzee Pazi akaokota kofia yake, akaenda zake upande wa stendi, hakugeuka.

Sikuwahi kuwa mpweke kama siku ile, nyumba imejaa watu na sinia za wali.

Shule zilipofungwa tena, nilikwenda Kithimani kumtafuta, na shilingi moja nimeifunga kwenye kitambaa. Nilielekezwa kwa mama mmoja Mkamba aliyekuwa akiuza ndizi mbele ya nyumba aliyopanga mzee. Akanitazama sana.

"Huyo mzee alikufa miezi mbili imepita," akasema. "Tulimzika vizuri, watu wa msikiti walikuja. Kwa heshima kabisa. Hakuna mtu alipiga kelele."

Nikakaa juu ya kreti la ndizi. Alinipa maji. Kisha akasema, "Pole. Lakini wewe si ni ule wa Machakos? Alikuwa ananiambia iko mwizi yake moja Machakos, msichana, atakuja. Akasema nikiona mtu anatukana kaburi yake, nisifukuze."

Akanipeleka. Ulikuwa udongo tu umeinuka, na jiwe kichwani. Nilifungua mdomo nimtukane. Nilijua maneno yote, nimeyasikia Idi ngapi. Lakini nililelewa vizuri mno mimi. Kilichotoka ni, "Shikamoo, babu." Nikaweka ile shilingi juu ya jiwe, nikalia mpaka yule mama akaja kuniinua.

Ukubwani nilifika Urambo. Naam, nilifunga safari, kwa sababu ya tusi moja la chumvi. Niliwauliza wazee habari za kijana aliyemuaga mama yake zamani za vita, akaenda kununua chumvi asirudi. Walinipa kiti. Walinionea huruma sana. Wakaniambia Urambo ndiko watu walikokwenda kununua chumvi, kwa hiyo kwao kijana huyo si Urambo, ni kijiji chochote cha pande hizo, na vijana walioondoka enzi hizo hawana hesabu. Mama mwenye nyumba akanitengea chakula. Ilikuwa michembe na karanga. Nilikula nikamaliza, nikaomba nyingine, na wenyeji wakatazamana kwa sababu hawajaona mgeni anayelia kwa ajili ya viazi.

Siku hizi mambo ni mepesi. Kijana ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu "Syoki," huo mtaa mpya wa magorofa karibu na Mlolongo, anakutumia ramani ya gorofa alilopanga, na hana neno. Binti yangu ananiambia niteme mate kwenye kichupa nikipeleke maabara, nitaambiwa asili yangu yote. Mate! Nikamwambia mate yangu hayamjui bi kizee aliyeinjika mboga. Likizo wanangu hawaendi popote na hawajui kama wamekosa kitu, wanakaa sebuleni kila mmoja na simu yake, hata blada hawaijui. Na wana adabu, lazima niseme. Wananiita mamii, wananiletea chai, mtaani mimi ni mama fulani, kazini mimi ni madam. Sina mtu duniani anayeweza kusimama uani kwangu akaniita mtumwa.

Kila Idi naenda Kithimani. Yule mama wa ndizi amezeeka, akiniona anawafukuza watoto wasichungulie. Nasimama pale kaburini na sasa najua, ulimi umelegea. Namwita mla muhogo, namwita mwizi wa kuku, namuuliza kiatu chake kingine kiko wapi. Namwambia mjomba alikosa, asamehe. Halafu nanyamaza kidogo, nimpe nafasi, kwa sababu ni zamu yake kujibu.