Somo la Kumkatalia Mbah Karso

Kila asubuhi, kabla hajaingia darasani, Bu Wagirah, yaani Mama Wagirah, humwomba chura radhi. Viatu vyake vyeusi vya kufundishia hulala shuleni chini ya ngazi, kwa kuwa njia ya kutoka kwake ni matope matupu na yeye huja kwa kandambili. Usiku chura huingia kwenye kiatu cha kushoto, akajilalia humo kama mpangaji aliyelipa. Mwalimu mwingine angekikung'uta kiatu, yakaisha. Bu Wagirah huinama, akakigonga kwa kidole, akasema, "Samahani, naomba nipite," kisha akangoja. Siku nyingine hungoja mpaka kengele ikalia, naye mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Ndivyo alivyo. Amefundisha kijijini Kalisonto miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Si kwamba hukubali kila kitu. Ukimwomba jambo asilolitaka, atakuitikia ndiyo, tena kwa tabasamu, na jambo lenyewe halitatokea mpaka uote mvi. Huku chini ya Mlima Sumbing sote tuko hivyo, ila yeye amejaliwa kipaji.

Mwaka ule walimu waliitwa mjini kwenye semina ya siku tatu. Wakaambiwa kwamba kufundisha kwa ubao na kuitikiana kumepitwa na wakati. Mtoto ajifunze kwa kutenda, apewe kazi ya kweli, akosee, ajiulize alikosea wapi, arudie. Walimu wengi waliandika hayo, wakala keki, wakarudi na mikoba ya semina. Bu Wagirah alirudi ameamini.

Jumatatu yake aliomba stoo ya nyuma ya shule, ile yenye paa la bati. Akatoa madawati yaliyovunjika, akaweka jiko, sufuria mbili na nyungo za mianzi. Akatangaza kwamba darasa la sita, watoto ishirini na sita, watatengeneza tempe, kile kitoweo cha soya. Hapo kijijini hapiti siku mtu asile tempe, lakini watoto wale walikuwa wakiijua ikiwa imeshakaangwa tu. Hawakujua kwamba soya huchemshwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka maganda yatoke, huchemshwa tena, hupozwa, hutiwa chachu, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha huachwa siku mbili mpaka ukungu mweupe uishike ikawa kitu kimoja.

Wote waliandika daftarini, na kupigia mstari: soya ikiwa ya moto, chachu hufa. Ingoje mpaka ukiigusa iwe kama shavu la mtoto aliyelala.

Alhamisi ya kwanza, soya ikiwa imeanikwa kwenye nyungo inafuka mvuke, mwalimu mkuu Pak Sudibyo, yaani Bwana Sudibyo, alimwita Bu Wagirah ofisini kwa neno moja. Neno moja la Pak Sudibyo huchukua nusu saa. Bu Wagirah akawaachia watoto kazi, akawauliza kama wameelewa, wakaitikia ndiyo kwa sauti ya kutikisa bati.

Akapita Mbah Karso. Mbah ni babu, na huyu alikuwa babu wa kila mtu, maana hapakuwa na shughuli hapo kijijini asiyokuwa na ushauri nayo. Tangu azaliwe hakuwahi kutengeneza tempe. Aliyekuwa akiitengeneza ni marehemu mkewe. Akachungulia mlangoni na mikono nyuma, akauliza wanangoja nini. Wakamwambia wanangoja ipoe. Akacheka kwa huruma. Akawaambia chachu ni kama kuku anayeatamia, inataka joto, na baridi itaiua. "Mwageni sasa hivi, wajukuu zangu."

Watoto ishirini na sita walijua kuwa hiyo si kweli. Daftari lilikuwa wazi mbele yao, mstari umepigwa, wengine wameupiga kwa wino mwekundu. Wakatazamana. Kisha Tyas, msichana mdogo wa umbo aliyekuwa ameshika kifuko cha chachu, akasema, "Asante, Mbah," akamwaga yote. Wakamshukuru mzee, wakamshika mkono mmoja mmoja na kuugusisha kwenye paji la uso wao, kama ilivyo adabu, naye akaenda zake ameridhika kabisa.

Jumamosi walifungua majani. Harufu iliyotoka humo iliwafukuza hata mbuzi wa jirani.

Bu Wagirah hakugomba. Alisimuliwa habari za Mbah Karso, kisha akauliza nani alijua kwamba soya ilikuwa bado ni ya moto. Vidole ishirini na sita vikapanda. Akauliza nani alimwambia Mbah. Vikashuka vyote. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na watoto wakadhani analilia soya.

Alikuwa akimfikiria Sartono. Huyo alikuwa mwanafunzi wake zamani, kijana mpole, hodari wa kuandika, ambaye alikwenda kufanya kazi kiwandani. Siku ya kwanza msimamizi alimwonyesha mashine mara moja tu, akamuuliza kama ameelewa. Sartono akasema ndiyo. Sasa amerudi kijijini anauza mafuta ya taa, na chenji anakupa kwa mkono wenye vidole vitatu. Bu Wagirah hununua mafuta kwake hata dumu likiwa limejaa. Nani alimfundisha kuitika vile? Hilo hamwambii mtu, lakini jibu analo.

Akabakiwa na haja moja tu kabla ya kustaafu: watoto hawa ishirini na sita wasitoke mikononi mwake bila kuweza kusema "bado sijaelewa" mbele ya mkubwa.

Alhamisi iliyofuata soya haikupikwa. Bu Wagirah alikuja na saruni na kofia nyeusi, akamvika Gilar, mtoto mtundu kuliko wote, akamwambia wewe ni Mbah Karso, waambie wenzako wamwage chachu. Wenzako kazi yao ni kukukatalia, na wewe usiudhike. Gilar akaweka mikono nyuma, akakohoa kikohozi cha mzee kile chenyewe, darasa likaanguka kwa kicheko.

Wa kwanza kusimama alikuwa Danang. Jana yake tu alikuwa amepigana na Gilar kwa ajili ya gololi. Akaitazama ile kofia, akameza mate, akasema, "Ndiyo, Mbah."

"Danang, huyo ni Gilar," Bu Wagirah akamwambia.

"Najua, Bu. Lakini kofia yake, Bu."

Ilichukua Alhamisi tatu. Mmoja aliweza kukataa ila akiwa ameupa mgongo ukuta na amefumba macho. Mmoja alikataa vizuri kisha akalia. Tyas ndiye aliyepata njia. Yeye hakumwambia mzee kwamba amekosea. Alimpa mzee kazi nyingine. Alimletea kiti, akamwomba amsimulie kuku anaatamia siku ngapi, na soya ikapoa huku Gilar anatafuta jibu. Bu Wagirah alipiga makofi mpaka bangili ikamtoka.

Shida ya somo zuri ni kwamba halikai shuleni. Wiki hiyohiyo Danang alimwambia baba yake kwamba pikipiki isiyo na taa asingeipanda magharibi, wakatembea, na baba mtu akanung'unika njia nzima. Msichana mmoja harusini alikataa sahani ya tatu, mwenye harusi akadhani chakula kimechacha. Kisha Mbah Karso mwenyewe akaja ofisini kwa Pak Sudibyo, kofia imenyooka, uso mzito.

"Mjukuu wangu jana ameniambia dawa niliyokuwa nakunywa ni ya kupaka," akasema.

"Na ilikuwa ya kupaka, Mbah?" Pak Sudibyo akauliza.

"Hilo silo lililonileta."

Pak Sudibyo ni mtu mwema. Amewahi kubeba kiti cha mjane mgongoni kilomita mbili. Ila anaogopa kelele, na kelele zilikuwa zimeanza. Akamwita Bu Wagirah, akamzungushia maneno: akataja mvua, bei ya tumbaku, afya ya mkewe, na mwishoni kabisa, kama aliyekumbuka kwa bahati, akasema mgeni wa ofisi ya elimu anakuja mwezi ujao, na ingependeza sana kama darasa la sita lingerudi kwenye vitabu vya majaribio ya mtihani. Bu Wagirah alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo, Pak, wazo jema. Alhamisi moshi ulipanda kutoka stoo kama kawaida, na Pak Sudibyo akalifunga dirisha la upande huo ili asiuone.

Mgeni akaja. Aliitwa Pak Hendratmo, shati la batiki limepigwa pasi linakata, nyuma yake kijana wa kupiga picha. Pak Sudibyo alikuwa amepita darasani mapema akawaambia watoto kwamba lolote atakalouliza mgeni, waseme ndiyo. Watoto wakasema ndiyo.

Pak Hendratmo alipelekwa stoo. Soya ilikuwa imetoka motoni muda huohuo, mvuke umejaa mpaka picha hazionekani. Akafurahi. Akakunja mikono ya shati, akaomba apigwe picha akitia chachu kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wenyewe ukawa umeshatangulia kwenye kifuko.

Pak Sudibyo alitazama watoto, macho yamemtoka, yanasihi. Bu Wagirah alitazama sakafu. Aliona miguu ya Tyas inasogea, ikasimama, ikasogea tena.

"Samahani sana, Pak," Tyas akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Pak umetoka mbali. Kaa kwanza upate chai. Soya bado ina moto, chachu itakufa. Ikipoa tutakuita, na mkono utakaoitia ni wako."

Pak Hendratmo akautazama mkono wake, akamtazama mtoto. Kisha akacheka, akauliza nani kamfundisha, na akakaa. Soya ilipopoa akaitwa, akaigusa kwa mgongo wa kidole kama alivyoelekezwa, akatia chachu, picha ikapigwa. Danang akamwonyesha jinsi ya kukunja jani, la kwanza likampasukia, na hakuna aliyelisifia. Mtu yule alikuwa na furaha kama aliyeachiwa likizo.

Furaha hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ofisini, mbele ya chai na ndizi za kukaanga, Pak Hendratmo alisema mwalimu kama huyu hafai kufichwa mlimani. Akatoa karatasi mkobani, akajaza jina la Bu Wagirah kwa mkono wake, akaisogeza na kalamu juu yake. Kuanzia Jumatatu angekuwa ofisi ya elimu mjini, akiwafundisha walimu wenzake namna ya kufundisha. Ilibaki saini tu.

Bu Wagirah akauliza, kwa upole, darasa la sita litakuwa la nani.

"Nitalichukua mimi, Bu, usijali," Pak Sudibyo akasema. "Vitabu vya majaribio vipo, vimejaa kabati." Alisema kwa wema wote, kama mtu anayekupisha kwenye kiti.

Bu Wagirah akayaona yote hapo mezani, kati ya chai na ndizi. Aliiona Alhamisi, migongo ishirini na sita imeinamia vitabu, Pak Sudibyo amesimama mbele anauliza kama wameelewa, na ile ndiyo yao ikipanda mpaka kwenye bati. Ilikuwa imebaki miezi saba tu wamalize. Tyas alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Wapo tisa ambao walikuwa hawajaanza kabisa, bado wanaikatalia kofia tu, tena wakiwa wamefumba macho.

Akafumbua mdomo. Neno lenyewe alikuwa nalo. Amewafundisha watoto wa miaka kumi na miwili, wamelitumia kwa baba zao, kwa babu zao, kwa mgeni wa serikali. Lakini mbele yake walikuwa wanaume wawili wanaotabasamu, wenye nia njema, na yeye alikuwa na miaka hamsini na minane ya adabu mgongoni.

"Ndiyo, Pak," akasema.

Pak Sudibyo akashusha pumzi. Pak Hendratmo akafungua kifuniko cha kalamu, akamwelekezea.

"Ila naomba nitoke mara moja."

"Toka tu, Bu, toka tu, hatuna haraka."

Akainuka. Akapita mbele ya wakubwa ameinama, mkono wa kulia umetangulia chini, kama inavyotakiwa. Akaurudisha mlango kwa vidole viwili usije ukagonga.

Mle ndani chai ikamiminwa mara ya pili. Wakazungumza juu ya mvua. Ikamiminwa mara ya tatu, wakazungumza juu ya tumbaku. Kutoka upande wa stoo, kupitia dirisha lililofungwa, walisikia watoto wanacheka, na sauti ya mwanamke ikimwambia mtu akaze kamba ya mgomba. Pak Hendratmo akaangalia saa. Pak Sudibyo akaangalia ndizi. Kila mmoja alikuwa ameshaelewa, na kwa heshima ya mwenzake hakuna aliyeweza kulitaja. Mawingu yalipoanza kuifunika Sumbing, dereva akapiga honi kidogo, mgeni akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akasema kwamba Bu Wagirah bila shaka ana shughuli nyingi.

Bila shaka, Pak Sudibyo akajibu, akamsindikiza mpaka garini. Bu Wagirah hakurudi.