Niliosha Sufu ya Mdogo Wangu, Dereva Akaitwa Mwizi

Nimekosa, na kosa langu linanukia sabuni ya unga. Jina langu sitaji, maana Ikwiriri ni mji mdogo, ukijikwaa sokoni huku, Kibiti wanakupa pole. Lakini moyo umejaa, na pa kuumwagia sina, ndiyo maana nawaandikia nyinyi msionijua.

Mimi ni mama mtu mzima. Kazi yangu ni kuchagua ufuta kwenye ghala la tajiri mmoja Mhindi hapa mjini. Mdogo wangu, tumwite Saidi, alikuwa akifuatana na lori la tajiri huyo kupeleka nazi na kamba wakavu nyanda za juu. Huko akaona watu wanakata manyoya ya kondoo na kuyatupa. Akaulizauliza, akapata mnunuzi wa nje anayetaka sufu ghafi, vile vile inavyotoka mgongoni mwa kondoo. Kila lori likirudi, linarudi na magunia mawili matatu, mpaka kona nzima ya ghala ikajaa.

Saidi akayapima, akachukua sampuli, akaenda Dar kwa wakala wa forodha kushughulikia makaratasi. Ufunguo akaniachia mimi. "Dada, nitunzie," akasema, basi.

Sasa jamani, kutunza mimi ninakokujua ni kusafisha. Nilifungua gunia moja nikarudi nyuma. Harufu ya beberu, samadi imegandamana, miba, kupe wakavu, na mafuta yananata vidoleni kama nimeshika andazi. Nikajisemea, huu ndio mzigo wa kwenda Ulaya? Wazungu watasema watu wa Rufiji ni wachafu. Sisi hata mchele wa mgeni tunaupepeta mara mbili, itakuwa kitu cha kuvuka bahari?

Nikaita wenzangu wawili wa kwenye ufuta, tukachemsha maji uani. Tukamwaga sabuni, tukafikicha kama tunavyofikicha kanzu za Idi. Maji yalitoka meusi, na mimi nikaona raha. Tulipoanika, sufu ilikuwa nyeupe, ingawa ilikuwa imejisokota na kushikana mabonge. Nikachambua kwa vidole nilivyoweza. Tukairudisha kwenye magunia, tukashona. Magunia yalikuwa yamenywea, lakini hilo sikulitia akilini. Kidogo iliyobaki nikajazia mto wa kuegemea, nikauweka barazani kwangu.

Kwa Saidi sikusema. Nilitaka iwe zawadi, akute mwenyewe.

Dereva wa lori la tajiri aliyekuja kuchukua mzigo kuupeleka Dar ni rafiki wa Saidi tangu utoto, kijana wa Ngarambe. Nitamwita Bakari. Alinyanyua gunia la kwanza akasimama nalo. "Mbona mepesi haya, dada?"

"Manyoya hayo," nikamjibu. "Ulitaka yawe mawe?" Akacheka, akapakia, akaondoka.

Siku ya ukaguzi wa forodha Saidi akanipigia simu kutoka Dar. "Dada, magunia yaliguswa na mtu huko ghalani?"

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza haraka haraka. Kwenye makaratasi waliandika sufu ghafi, isiyooshwa, yenye mafuta yake, na hiyo forodhani ina namba yake. Iliyooshwa kwao ni bidhaa nyingine, yenye namba nyingine. Ofisa ametia mkono kwenye gunia, mkono ukatoka mkavu, unanukia sabuni. Wamepima tena, uzito umepungua karibu nusu. Mzigo umezuiwa, na wanamwambia ametoa tamko la uongo.

Mimi sikujua kwamba uchafu una namba. Sikujua kwamba ule uchafu ndio ulikuwa mzigo wenyewe.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, "niliosha mimi." Mdomo ukajisemea. "Hayajaguswa, mdogo wangu. Yalitoka kama ulivyoyaacha."

Akanishukuru. Akarudi kwa wale maofisa akaapa, wallahi, mzigo wangu haukuguswa Ikwiriri. Saidi si mtu wa kuapa. Aliapa kwa mdomo wangu.

Basi, kama haukuguswa Ikwiriri, umeguswa wapi? Barabarani. Na barabarani alikuwepo nani? Bakari. Naye maskini akajitetea kwa ukweli, akasema magunia yalikuwa mepesi tangu yanapakiwa, muulizeni dada. Saidi akamjibu mbele ya tajiri kwamba dada yake hasemi uongo. Wakaamua ameuza sufu nzuri njiani akajazia takataka. Tajiri akamnyang'anya lori. Mnunuzi naye, alipopelekewa picha za yale mabonge, akasema hata angepewa bure hachukui.

Mara nyingi nimetaka kusema. Saidi akija kula kwangu, namtazama anavyomega ugali, najiambia akimaliza tu. Akimaliza ananiambia, "Dada, duniani nimebaki na wewe tu wa kumwamini." Utaanzia wapi hapo? Wale wenzangu wawili wako mashambani, juu ya madungu, wanaamia ndege wasile mpunga, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Sufu nayo ndiyo hiyo, hakuna maji yatakayoirudishia mafuta ya kondoo.

Juzi Bakari akaja mwenyewe. Amekonda. Hakuja kwa shari, alivua viatu, akakaa barazani, akaegemea ule mto.

"Dada, wewe unanijua," akasema. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi huko kisimani. Mwambie Saidi. Wewe anakusikia."

Nikamwambia nitamwambia. Nikampa chai. Alipokuwa anainuka akaupigapiga ule mto kuunyoosha, kama mtu mwenye adabu zake, akasema ni mlaini kweli.

Wenzangu, mzigo wa mtu ukikabidhiwa, uache ulivyo, hata ukinuka. Watu wa forodha hawatafuti kizuri, wanatafuta kilichoandikwa. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzio hajaapa kwa ajili yako. Mimi nasema haya kwenu kwa sababu nimeshindwa kuyasema nyumbani, na sijui nitaweza lini.

Bakari aliahidi kupita tena Ijumaa, baada ya sala, kusikia Saidi kanijibu nini. Leo ni Alhamisi. Asubuhi nimefua foronya ya ule mto, nimeianika uani.