Kimondo Alichokuja Nacho Nassor

Mwanangu, ipo alasiri moja nnayoikumbuka mpaka leo. Tulikuwa tumeshakaa Maskati kama miaka miwili tangu kuondoka Unguja. Mume wangu, Nassor, alikuwa dereva wa watafuta mafuta jangwani, na safari moja alirudi na jiwe jeusi, kubwa kama nazi iliyofuliwa, lakini zito la kushangaza. Wenziwe walimwambia ni kimondo, kimeanguka kutoka juu. Akaliweka ukumbini.

Siku ya pili mwanetu Rayya, hata mwaka hajatimiza, akashikwa na homa.

Majirani walikuja kututazama, na kila aliyeingia alilitazama jiwe kwanza, kisha mtoto. Walisema vimondo ndivyo wanavyopigwa navyo mashetani. Nani anaweka kitu kama hicho nyumbani? Mwanzo Nassor alicheka. Akawaambia kule Mbozi, bara, kipo kimondo kikubwa kama gari, na watu wanalima na kulea watoto karibu yake. Lakini Rayya alipoacha kunyonya, kicheko kilimwisha. Mimi nilikuwa nnasikiliza pumzi zake tu, nnaogopa hata kusinzia.

Alasiri ile Nassor akalibeba jiwe, akalitia nyuma ya gari. "Nnalirudisha lilikotoka," alisema. "Lisije likaniulia mwanangu."

Lilikotoka ni mbali, mwendo wa siku mbili mchangani, na mtaani petu hapakuwa na gari jengine ila lile la kazini kwake. Nilitaka kumzuia, nikasita mlangoni na mtoto mikononi. Nilijiuliza, na kama majirani wanasema kweli?

Aliyetoka ni mama yake, Bi Zuwena. Naye alikuwa akiliogopa lile jiwe. Tangu liingie hakupita ukumbini bila ya kusoma Ayatul Kursi. Akafungua mlango wa gari, akakaa mbele, akanyoosha mikono nimpe mtoto.

"Mama, shuka. Nna safari ndefu," Nassor akasema.

"Twende hospitali, Matrah, kabla lango la mji halijafungwa." Hospitali ilikuwa mji wa jirani, nje ya lango, na siku zile lango likifungwa usiku gari halitoki mpaka asubuhi.

"Na jiwe?"

"Mimi nnaliogopa kuliko wewe. Lakini jiwe halitetemeki. Anayetetemeka ni huyu. Washa gari."

Njia ya mlimani ilikuwa mashimo matupu, jiwe likigonga bati nyuma yetu, na Rayya macho yameshamgeuka. Daktari alisema ni malaria, na lau tungengoja asubuhi angetutoka. Zikapita siku hatujui kama atabaki. Alibaki, alhamdulillahi. Jiwe Nassor aliwapa wakubwa wake wa kazi, wakaondoka nalo, na lilipo sasa sijui.

Nnakwambia haya kwa sababu nnakuona siku hizi hulali. Hofu itakujia, mwanangu, na si aibu. Bi Zuwena aliogopa pia. Ila usiiache hofu ikuchagulie pa kwenda. Mtazame kwanza anayekuhitaji hapo ulipo, umshughulikie yeye, na yale usiyoyajua yaache yangoje.

Mola akuhifadhi wewe na kizazi chako, akupe moyo uliotulia, na siku moyo huo ukikataa kutulia akuletee mtu wa kukushika mkono. Amin.