Arobaini ya Kuuzwa

Siku picha yake ilipobandikwa kwenye ubao mkubwa wa njia panda, wauza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, wa soko dogo chini ya mlima Merbabu kisiwani Java walimtania Bu Wur mpaka akacheka mwenyewe. Wamempaka poda, walisema, wamemfuta mvi, bado kidogo tu wamtafutie na mchumba. Jina lake kamili ni Dokta Wuryaningsih, lakini pale mtaani hakuna mwenye pumzi ya kulimaliza; Bu, yaani Mama, Wur inatosha. Karibu wote wanaomtania amewahi kuwatibu. Kabati lake moja lina vidonge na sindano, la pili lina manjano, ukwaju, tangawizi na majani aliyoyaanika mwenyewe uani. Mgonjwa akiuliza atapewa dawa ya kabati gani, hujibiwa kwamba kwanza atapewa kiti.

Chini ya picha paliandikwa: Arobaini ya Upya, rudisha mizani ya mwili wako. Ilikuwa hoteli mpya ya mlimani, wenyewe wanaiita Nyumba ya Upya, na walimwomba Bu Wur awe anakwenda kila Ijumaa kuwazungumzia wageni habari za kupona. Alikubali kwa moyo mweupe. Madaktari wenzake walikuwa wamemcheka miaka nenda miaka rudi kwa mizizi yake, sasa wametokea watu wanaotaka kumsikia, tena wanakaa kimya na kuandika. Nani angekataa?

Arobaini yenyewe haikuwa siri. Mama wa Kijava akijifungua huwekwa ndani siku arobaini. Hukandwa mwili mzima, hunyweshwa dawa chungu, hufungwa mkaja, kitambaa kirefu ambacho mtu mmoja hushika ncha na mzazi hujizungusha taratibu mpaka kiishe chote tumboni. Paji la uso hupakwa viungo vilivyosagwa, eti damu nyeupe isimpande kichwani. Hoteli iliyachukua yote hayo, ikayatia maua na muziki wa filimbi, ikawauzia wanawake wa mjini waliochoshwa na kazi, wengine kitinda mimba wao keshamaliza chuo. Bu Wur hakuona ubaya. Aliyechoka kachoka, alisema, iwe kwa kuzaa au kwa mikutano.

Ubaya aliuona Ijumaa moja ya msimu wa wageni wengi. Siku hiyo hotuba ilihamishiwa chumba cha kukandia: alikuwa amesimama mbele ya vitanda, wageni wamelala wamepakwa nyuso, wafanyakazi wamepiga magoti wakiwakanda miguu, naye amefika mahali pa kueleza kwamba mwili hauponi ukiwa unakimbizwa. Macho yake yakamwangukia mkandaji wa kitanda cha mwisho. Alikuwa Winarti, na ni Bu Wur mwenyewe aliyempokea mtoto wake kwa mikono yake, hata mwezi haujaisha. Msichana alikuwa amepauka midomo. Maziwa yalikuwa yamemlowanisha sare kifuani, na aliinama zaidi ili yasionekane.

Bu Wur hakuimaliza sentensi. Aliwashukuru wageni kwa haraka, akaenda kumngoja Winarti kwenye uchochoro wa kufulia mashuka.

"Unafanya nini hapa?"

"Kazi, Bu."

"Na mkaja wako?"

"Nimeuvua. Ukiwa nao huwezi kuinama, Bu. Halafu sare haifungi."

Alimuuliza habari ya damu. Winarti akaangalia sakafu. Ilikuwa imeanza kupauka, akasema, lakini tangu arudi kazini imekuwa nyekundu tena, na ni nyingi. Mtoto anashinda na mama mkwe, Mbah Karsi, kwa maziwa ya kopo. Mume yuko Kalimantan kwenye mashamba ya mawese, na habari zake ni za kubahatisha. Hotelini yeye ni kibarua tu, na alipelekewa salamu kwamba wageni wamejaa, asiyekuja nafasi yake itapata mwenyewe.

Hapo hasira ilimpanda Bu Wur mpaka masikio yakamwaka, na ilikuwa haki yake. Mwanamke ambaye hakuzaa amelala amepakwa dawa ya mzazi, na mzazi amepiga magoti anampaka, huku damu inamtoka. Mtu asiyeudhiwa na jambo hilo, basi huyo ndiye wa kupelekwa hospitali. Alimpa Winarti vidonge alivyokuwa navyo mkobani, akamwambia aende nyumbani sasa hivi, kisha akapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

Meneja, Pak Hendarto, ni mtu mpole, na upole wake ndio uliozidi kumchoma Bu Wur. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai. Alisema kwamba pale hotelini Winarti anathaminiwa sana na wageni humwulizia kwa jina. Bu Wur akamwambia kama anathaminiwa hivyo akalale, la sivyo yeye anaondoa jina lake na uso wake kwenye ule ubao leo hii.

"Tutasikitika sana, Bu Dokta," alijibu Pak Hendarto. "Lakini Semarang kuna madaktari, na picha hubandikwa juu ya picha. Mimi sikupungukiwa jina. Nimepungukiwa mikono. Wanaojua kukanda namna hii sasa hivi siwapati, na vitanda vimejaa."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Chai ilipoletwa Bu Wur alikuwa ameshatoka.

Chini ya ngazi alimkuta Winarti hajaondoka. Alikuwa amesikia, maana Bu Wur akikasirika husikika mpaka jikoni.

"Bu, samahani," alisema, na sauti yake haikuwa ya kuomba samahani. "Hasira ni zako, kazi ni yangu. Wewe ukiondoka na jina lako unarudi kwenye nyumba yako. Mimi narudi kwa nani?"

Neno hilo lilimfuata Bu Wur hadi nyumbani. Wali aliuacha. Aliketi uani jioni ile akitwanga manjano ambayo hakuna mgonjwa aliyeyahitaji, kwa nguvu ambazo manjano hayakuzihitaji pia.

Aliifikiria ile damu nyeupe. Chuoni aliwapasua maiti, akasoma vitabu vinene, na hakuona mahali popote damu nyeupe ikipanda kwenda kichwani. Katika ujana wake alicheka sana. Baadaye, kwa kuingia kwenye nyumba za wazazi mwaka baada ya mwaka, akagundua jambo: mwanamke mwenye dawa kwenye paji la uso hatumwi. Hata mama mkwe mkali kuliko wote akiliona lile paji la njano huokota ndoo mwenyewe akaenda kuchota maji. Wazee walijua walichokifanya. Dawa haikuwa kwenye viungo, ilikuwa kwenye ndoo iliyobebwa na mtu mwingine.

Na Ijumaa zote hizo yeye alisimama mbele ya watu akiieleza mizani kana kwamba inakaa ndani ya mtu mmoja, joto lake na baridi yake, kazi yake na usingizi wake. Upuuzi mtupu. Mzazi hulala kwa sababu kuna mwenzake aliyesimama. Hoteli ilinunua ile rangi ya paji la uso, ndoo ikaiacha mlangoni, na ubao wa njia panda ulikuwa na sura yake akitabasamu juu ya biashara hiyo.

Jumatatu asubuhi alifika hotelini kwa mlango wa nyuma, amevaa kandambili.

"Ulisema umepungukiwa mikono," alimwambia Pak Hendarto, akaikunjua yake mbele yake. "Hii hapa. Bibi yangu alinifundisha kukanda kabla sijajua kusoma. Winarti analala mpaka arobaini yake iishe. Nafasi ni yake na mshahara ni wake."

Pak Hendarto alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akasema wageni watamtambua, itakuwa aibu.

"Wakinitambua, utawaeleza kwa nini daktari anakanda. Wasiponitambua, una mkandaji. Unaogopa nini?"

Alipewa sare. Ilimbana mabegani.

Basi daktari wa watu akapiga magoti; Ijumaa tu, kwa saa moja, alirudia koti lake jeupe na hotuba yake. Alikanda visigino vya wake wa wakubwa na vya wenye maduka, alisaga viungo, alishika ncha za mikaja kwenye matumbo yasiyokuwa na habari ya mtoto. Jioni magoti yakimuuma alipitia kwa Mbah Karsi, akamkuta Winarti amelala chali na paji la njano, mkaja umekazwa, mtoto ananyonya. Damu ikapauka, kisha ikakatika. Midomo ikarudi rangi yake. Winarti sasa alikuwa na nguvu za kutania: aliuliza kama bakshishi zinatosha, na kama Bu Dokta amekwisha kupata mteja wake wa kudumu.

Alikuwa amempata. Jina lake Bu Felisia, wa Jakarta, mwanamke mkarimu ambaye kila Ijumaa huketi mstari wa mbele akiandika kila neno la daktari. Siku nyingine zote alikuwa chini ya mikono ya daktari huyohuyo asimjue. Hakuna aliyemjua. Poda haikuwepo, koti jeupe halikuwepo, na anayepiga magoti miguuni pako humwangalii uso.

Siku moja, Winarti akiwa amebakiza siku chache, Bu Felisia alifumbua macho akashusha pumzi ndefu, akamwita Mbok, kama aitwavyo mama wa kazi.

"Mikono yako mizuri, Mbok. Lakini unaonekana umechoka, unajua? Ijumaa kuna daktari mmoja anakuja hapa, anazungumza vizuri sana juu ya kupumzika. Njoo umsikilize. Itakusaidia."

"Nitafurahi, Bu," alisema Bu Wur. "Ila saa hiyo niko kazini."

Bu Felisia akasikitika kwa dhati. Kisha akageuka, alale kifudifudi, akandwe na mgongo.