Mwalimu Edimu na Samli ya Masafu

Marehemu Erisa Edimu wa Merikit, ambaye Bwana alimwita mwaka huu baada ya mvua za kwanza, alikuwa mtu mpole kuanzia kichwani hadi kifuani. Kuanzia hapo kwenda chini alikuwa mtu mwingine. Tumbo lake lilikuwa na hasira, na hasira hizo zilikuwa na sababu moja tu: mafuta. Tunaamini kwamba huko alikopumzika hakuna kinachokaangwa.

Miaka ile ya baada ya uhuru alikuwa mwalimu wa kanisa. Ndiye aliyesoma masomo, akazika wafu na kuwafundisha watoto wa ubatizo. Alikuwa na sauti nzuri. Shida ni kwamba tumbo nalo lilikuwa na sauti, na halikujua kungoja zamu. Siku ya sikukuu ya mavuno, mwaka wa 1964, alikuwa amekula asubuhi muhogo wa kukaanga na mchuzi wa simsim, yaani ufuta. Akasimama mbele ya watu akasema, "Tunyamaze mbele za Bwana." Watu wakanyamaza. Tumbo likaanza kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi: likakohoa, likawaka, likaondoka. Mzee mmoja wa viti vya nyuma aliyekuwa anasinzia akashtuka na kujibu, "Amina!"

Kesho yake Edimu alikwenda kwa dresa, yule mganga msaidizi wa dispensari. Dresa alimlaza, akambonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, wewe na mafuta muachane. Asubuhi ndiyo ya kuangalia zaidi, maana ukilikosea tumbo asubuhi litakukumbusha kutwa nzima. Kula vitu vya kujenga mwili, lakini vichemshwe tu. Samaki. Choroko zilizotolewa maganda. Maziwa, baada ya kuondoa malai ya juu. Mayai pia, ila ule ute mweupe peke yake."

"Na kiini?"

"Mpe mbwa."

"Na simsim?"

"Mpe jirani usiyempenda."

Maneno hayo yalichukuliwa na dada yake mkubwa, Agwang, kama yale yaliyoshuka na Musa kutoka mlimani. Agwang alikuwa mjane, na alihamia kwa Edimu mwaka aliofiwa na mkewe, ili amtunze yeye na binti yake wa pekee, Ariokot. Kila jioni aliloweka choroko, na kila alfajiri alizisugua hadi maganda yakaelea, akayamwaga. Alichemsha samaki kwa chumvi, nyanya na ndimu. Alipasua mayai na kung'oa viini kwa uso wa mtu anayeng'oa magugu. Edimu alikula, akashukuru, na tumbo likatulia. Ibada zikawa na kimya cha kweli. Watoto wa kwaya ndio pekee waliolalamika, wakisema siku hizi ibada ni ndefu na hakuna la kuchekesha.

Basi, Agwang hakuwaamini samaki wa soko la Tororo. Alisema wamesafiri kumshinda askofu. Kila Jumamosi alimpandisha Ariokot basi kwenda Busia, mpakani, ambako samaki walifika kutoka ziwani wakiwa bado na macho maangavu. Huko Ariokot alimkuta muuzaji mmoja kijana kutoka Masafu, Oguttu, ambaye alimchagulia ngege wazuri na kuwaparua magamba bila kuombwa. Wiki zikapita. Samaki wakazidi kuwa wakubwa na Ariokot akazidi kuchelewa basi. Agwang, aliyekuwa akijisifu kwamba anaokoa tumbo la kaka yake, alikuwa pia akiozesha binti bila kujua.

Oguttu alipopeleka habari nyumbani, baba yake, mzee Okochi, hakukataa. Alituma ujumbe mfupi tu: "Kabla ya maneno mengine yote, baba wa msichana aje aone nyumba, akae, ale."

Hilo la kula ndilo lililomtia Edimu jasho. Nyumbani kwa Okochi, mkwe anayekuja mara ya kwanza huandaliwa chakula kilichoungwa kwa samli, samli ya kuonekana. Anayekikataa amekataa nyumba, na mambo huishia hapo.

Ariokot alikuja kupiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba hiki. Usiwakatalie chakula."

"Sitakataa, mwanangu," Edimu alisema. Tumbo likasema lake, lakini kwa sauti ya chini.

Agwang alikuwa na mpango. Angekwenda naye, na angebeba kikapu chenye mayai manane yaliyochemshwa, ngege wawili wa kukausha na kopo la choroko zisizo maganda. Asubuhi, kabla watu hawajaamka, Edimu angekula chakula chake kimyakimya nyuma ya nyumba. Akishashiba, angeonja kidogo tu cha wenyeji. Kidogo si dhambi wala si matusi.

Wawili hao walifika Masafu saa kumi jioni. Nasirumbi, mke wa Okochi, alitoka mbio kuwalaki. Alikuwa mwanamke mnene mwenye furaha, na mikono yake ilikuwa imenyooshwa tangu langoni. Agwang alidhani anataka kumkumbatia. Nasirumbi alipokea kikapu.

"Karibuni! Karibuni! Jamani, wakwe wametubebea zawadi!"

Agwang alikishikilia kikapu kwa upande mmoja. Nasirumbi alikivuta kwa upande wa pili, akicheka, akidhani ni heshima. Kisha kikaenda. Edimu alikisindikiza kwa macho hadi kikaingia jikoni, na akaelewa kosa lao. Miaka yote dada yake alikuwa ametembelea watu na kikapu mkononi, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba kikapu cha mgeni kinaweza kuwa cha mgeni mwenyewe.

"Sema kitu," Agwang alinong'ona.

"Niseme nini? Naomba zawadi yangu?"

Moshi ulipoanza kupanda jikoni, Edimu alitangaza kwamba jioni hiyo amefunga. Na kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo, alifunga kweli, kuanzia dakika ile ile. Okochi alivutiwa sana. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, wa maneno machache.

"Mkwe ni mtu wa Mungu," alimwambia mkewe. "Basi asubuhi upike sawasawa. Mtu aliyefunga ana njaa."

Asubuhi ilikuja na manyunyu na baridi. Nasirumbi aliingia na sinia kubwa, akapiga goti, akafunua. Mayai manane yalikuwa yamemenywa na kukaangwa kwa samli hadi yakawa kama dhahabu. Ngege wawili walikuwa wamelala katika samli. Choroko hazikuonekana, ila palikuwa na bwawa la samli, na chini yake kitu cha kijani.

"Chakula chenu kilikuwa kikavu sana, dada," Nasirumbi alimwambia Agwang kwa huruma. "Nikasema, hawa wenzetu huko kwao labda hawana ng'ombe. Nimewatilia kidogo."

"Kidogo," Agwang alirudia, sauti yake ikiwa imekufa.

"Na mayai yote ni yako, mkwe," Okochi alisema. "Wanawake wa hapa hawagusi mayai, na mimi siwezi kula zawadi mbele ya aliyeileta. Tuombee chakula."

Edimu alifumba macho. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na hofu tu, na mtu mwenye hofu huomba. Aliombea chakula. Akaombea mikono iliyokipika. Akaombea nyumba ya Okochi, ng'ombe wake na ndama wao. Alifungua jicho moja ili aone kama samli bado ipo, na ndipo alipoona jambo la ajabu. Pembeni mwa sinia, kwa baridi ile, samli ilikuwa imeanza kuganda na kuwa nyeupe.

Roho yake ikapata nguvu mpya. Aliombea Masafu, Busia ya upande huu na Busia ya upande wa pili, polisi wa mpakani, madereva wa mabasi. Aliombea wajane wa kule Petta. Alimshukuru Mungu kwa Ibrahimu, kwa Isaka, kwa Yakobo, na kwa wana kumi na wawili wa Yakobo kila mmoja kwa jina lake.

"Amina," Okochi alijaribu, Edimu alipofika kwa Naftali.

"Na Gadi," Edimu aliendelea. "Na Asheri."

Alipomaliza, samli yote ilikuwa imeganda kama kifuniko. Nasirumbi alikuwa anafuta machozi. Hakuwa amewahi kuombewa hivyo. Edimu alichukua kijiko, akainua kile kifuniko taratibu, akakiweka kando, na chini yake akakuta choroko zake zikimngoja. Alikwangua samaki. Alivua yai ganda lake la dhahabu, akala ute, akaficha kiini. Alikula vizuri. Alikula kwa furaha hadi akasahau kwamba pembeni mwa sinia palikuwa pameota kilima cheupe.

"Mkwe," Okochi alisema. "Kile ni nini?"

Nasirumbi alitazama. Uso wake ulianguka. "Samli yangu imekosa nini?"

Okochi alinawa mikono ingawa hakuwa amekula.

"Ukikataa samli ya nyumba hii, umekataa nyumba. Kama humtaki mwanangu, ungesema ukiwa Merikit, tusisumbuane."

Moyoni Edimu alimwona Ariokot akiwa amepiga magoti kama siku ile nyumbani. Angeweza kusema kwamba wa Merikit hula samli mwishoni. Lakini alikuwa ametoka kutaja wana wote wa Yakobo, na uongo haukupata mlango wa kupitia.

"Mzee Okochi, nyumba yako naipenda. Tumbo langu ndilo bovu." Akasimulia yote: dresa, viini, sikukuu ya mavuno, mpaka kikapu.

Okochi alimsikiliza bila kupepesa macho. "Ni ugonjwa wa ukoo? Binti naye anao?"

"Ariokot?" Agwang alidakia. "Yule mpe msumari, atauliza chumvi iko wapi!"

"Maneno," Okochi alisema. "Nitajuaje kwamba si dharau mmeivisha nguo?"

Edimu alikitazama kile kilima. Akachota kijiko kimoja kilichojaa. "Erisa, usifanye!" dada yake alilia. Akakimeza.

Wote wanne wakakaa wakingoja. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, kutoka mbali, kama radi za upande wa ziwani, likaja. Lilizunguka, likapanda, likashuka. Kuku waliokuwa chini ya meza walitoka nje. Mbwa wa Okochi alisimama akabweka, hajui ambwekee nani.

"Yesu wangu," alisema Nasirumbi.

"Choo kiko wapi?" alisema Edimu.

Okochi mwenyewe aliinuka akamwongoza, mtu mzima akikimbia mbele ya mtu mzima, kupitia migomba, katika manyunyu. Edimu aliingia, na ule ukuta wa nyasi ukatikisika. Okochi alibaki nje. Hakutaka kuondoka, mgeni haachwi peke yake katika shida.

"Mkwe!" aliita baada ya muda.

"Niko... niko hapa."

"Nimeamini."

"Asante, mzee."

"Mtu anayeweza kujifanyia hivi kwa ajili ya binti yake, siwezi kumnyima mwanangu. Umesikia? Oguttu amuoe. Nasirumbi atakuchemshia samaki mtupu, kama wa mgonjwa."

Hakukuwa na jibu la maneno.

"Nichukue hiyo kuwa ndiyo?"

"Ndiyo!" sauti ililia kutoka ndani. "Ndiyo, kwa jina la Bwana! Lakini mzee, sogea mbali kidogo!"

"Tarehe?"

"Baada ya Pasaka!"

"Kanisa lenu au letu?"

"Lolote! Lolote, mzee wangu!"

Kule uani Agwang alikuwa ameanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu kabisa, ili wapita njia wasisikie mengine, na Nasirumbi, ambaye hakuujua wimbo huo, alikuwa anampigia makofi.